Nyuzi Sitini na Nne

Saa kumi na moja alfajiri Nesi Mhina anawasha taa,
ananipa vidonge viwili, maji vuguvugu, na hapana salamu.
Hapa Bombo usiku hauishi. Hukatwa tu, kama kitambaa.

Siku ya tatu. Mguu si wangu bado.
Uko juu ya mto, umevimba, unang'aa,
kama mgeni aliyekuja na mizigo
akajilaza kitandani kwangu kabla sijamkaribisha.

Semkiwa, kijana wa mazoezi, huja na kipimo chake cha plastiki.
"Kunja, bibi."
Nakunja. Namtaja Mungu, namtaja na mama yake,
yeye anasoma tu: "Nyuzi sitini na mbili."

Nyuzi!
Miaka ishirini na tisa kule Ngomeni
nimesimama mbele ya brashi nikichana nyuzi za mkonge
hadi ziwe nyeupe kama ndevu za shehe,
vumbi puani, goti likisagika kimyakimya,
mfupa kwa mfupa, bila grisi.
Mashine ilipokwama waliita fundi.
Mimi nilipokwama nililifunga goti kanga, nikarudi zamu.

Sasa ninazo nyingine, nyeusi, ishirini na sita.
Nimezihesabu bendeji ilipofunguliwa.
Mshono umenyooka, siwezi kumlaumu mshonaji;
kitambaa ndicho kimechakaa.

Jana nilimuuliza daktari, kwa haya kidogo,
lile goti langu la zamani mmelipeleka wapi?
Akacheka. Kisha akaona sicheki.
Goti lile nimelipiga mbele ya meneja mara mbili,
mbele ya Mungu sikuhesabu,
mbele ya mume mara moja, nikajuta.
Si haki litupwe pamoja na pamba za damu
bila hata mtu kuliambia buriani.

Bi Nakombo wa kitanda cha pili, mtu wa Muheza,
anamenya chungwa, ananirushia nusu:
"Kula wewe. Hicho chuma chako hakina tumbo."

Jioni Semkiwa amerudi. Nimekunja, nimeng'ata upindo wa shuka.
"Sitini na nne."
Nyuzi mbili! Kwa nyuzi mbili, shambani,
hufungi hata kifungu cha kuni.

Lakini mama alizisokota mbili mbili
juu ya paja lake tupu, akitema mate kiganjani,
na asubuhi mbuzi alifungwa kwa kamba ile.

Andika kwa wino, namwambia. Penseli hufutika.