Ukuta Unaopumua

Tulijuana Jumanne, foleni ya Mnazi Mmoja,
kwa kalamu: aliniazima yake nijaze fomu ya mama
nikaondoka nayo mkobani.
Ijumaa nikamtafuta nimrudishie.
"Nilipe kwa kunitembeza," akasema.
"Mie wa Wete. Wiki ya pili leo
na naijua njia moja tu, ya kazini."

Basi nikajiona mwenyeji.
Nikamtoa Darajani, nikamtia Mkunazini,
nikaanza kumsomea mji kwa ghibu:
hapa palikuwa na duka la ubani na betri,
hapa nilivunjika jino,
hapa alikaa mwalimu aliyekuwa akila pilipili mbichi
huku akitusahihisha hesabu.
Milango sikumwonyesha. Milango inajionyesha.
Ananiitikia, enhe, enhe,
lakini hanitazami.
Anagonga kuta.

Kwa kifundo cha kidole,
kama mtu anayebisha hodi pasipo mlango.
Ngo. Anasikiliza. Anapita. Ngo.
Watoto waliotoka chuoni wakatufuata wakicheka,
na wao wakigonga.

Mkasi binti Faki, fundi chokaa.
Na mimi siku zote nne nilidhani muuguzi,
kwa ule weupe wa kucha zake.

"Huu saruji," akasema. "Umezibwa pua.
Jasho la ndani halina pa kutokea,
linarudi kulila jiwe. Tazama unavyovua magamba."
Hatua kumi mbele akasimama, akainama:
"Aliyepiga lipu hapa alitumia mkono wa kushoto."
Nimepita hapo miaka ishirini na sita,
na mkate, na mafuta ya taa, na msiba mara mbili.

Nyuma ya Sokomuhogo nikapotea.
Mimi!
Uchochoro niliouapia kuwa unatokea Hurumzi
ukatutupa uani kwa watu,
kwenye kanga mbichi na kuku mmoja mwenye hasira.
Mama wa watu akatoa pini mdomoni, akauliza:
"Wageni?"
Mkasi akanitazama, anangoja nijibu.
Nikaomba njia.

Nyumba yetu, tulipopanga chumba cha juu,
sasa ni hoteli yenye jina la ua.
Bawabu kijana, adabu tele:
"Mnamtaka nani, dada zangu?"
Swali jepesi, na nilikuwa nalo jibu,
lakini lilikuwa refu mno kwa mtu aliye kazini.
"Tunautaka ukuta," Mkasi akasema.
Kijana akacheka, akasogea.

"Chumba chenu kilikuwa na upana gani?"
Mdogo, nikamwambia, kwa haya kidogo:
kitanda cha mama, changu, na pa kutandika mkeka.
"Huo si udogo wa ufukara.
Boriti ni mkoko, na mkoko haurefuki kwa fedha.
Mwenye nyumba chini na nyinyi juu,
mlilala upana mmoja."
Hilo mama hakuwahi kuambiwa.
Nitamwambia, akiamka vizuri.

Akagonga. Akagonga tena, chini zaidi.
"Huu bado."
Bado nini?
"Bado unapumua."
Nikagonga nami, sikusikia chochote,
kidole kiliniuma tu.
Akanikunjua kiganja, akakibandika ukutani:
ubaridi, na unyevu mdogo,
kama shingo ya mtoto aliyelala mchana.
Tukakaa hivyo. Mgeni mmoja akatupiga picha,
sijui alidhani tunaswali au tunasukuma.

Kurudi, tulinunua bofulo moja tukalikata njiani
tukila kavu, makombo kifuani.
Hadithi zangu zilikuwa zimekwisha
nami nilikuwa nikiuliza: na huu? na ule?
Jumapili ijayo anataka Malindi.
Kalamu ingali mkobani.
Nadhani sote wawili tuliikumbuka pale kituoni,
na hakuna aliyeitaja.