Theluji ya Mia na Kumi na Saba

Faili mia mbili na nne, kila moja sura ya hali ya hewa:
jua, jua nyuma ya wingu, ukungu, mvua ya mawe.
Heldur alizichora zote, akastaafu,
akaniachia folda na kikombe kilichovunjika mkono.

Kazi yenyewe si ya kujivunia.
Skripti yangu inafungua faili, inaimenya:
jina la mchoraji, tupa; tarehe, tupa;
rangi alizojaribu akazighairi, tupa;
kumi na moja nukta tisa tisa tisa nane,
sema kumi na mbili, yaishe.
Kinachobaki, uzi mtupu wa mistari na mikunjo,
kinafungwa ndani ya moduli, kinapewa jina fupi,
ili kipengele chochote ukurasani kikiita, kiitikiwe.

Nje, Tartu imeganda. Watu wanavuka mto kwa miguu,
hawatafuti daraja.

Naendesha. Moja, mbili, arobaini, mia.
Kwenye mia na kumi na saba, nyekundu. Imekwama.
Naifungua kwa mkono: wingu moja, vitone sita.
Tabaka la vitone lina jina refu kupita kiasi,
na alama za nukuu ndani yake, ndizo zilizoivuruga skripti:

Theluji ya siku Aino alipouliza "nyumbani ni wapi?" akiwa mlangoni.

Narudi kwa zile zilizopita salama, nasoma nakala za zamani.
Theluji ya Machi, usiiamini.
Mvua ya Peipsi, inanuka vitunguu.
Jua, lakini la upande wa jirani.

Kivinjari hakina haja na haya.
Kuna mtu kituo cha basi, simu yake ina chaji asilimia nne,
anataka kujua avae nini;
kila baiti ninayomwongezea ni baridi.

Nampigia Heldur. Hashtuki.
"Umezimenya?"
"Nimezimenya."
"Umebakiza desimali ngapi?"
"Moja."
Kimya. Nasikia birika, nasikia redio ikisoma utabiri.
"Moja inatosha," anasema. "Jua halijali.
Ila ile theluji, iachie mbili."

Ndiyo maana, ukizipima,
moduli moja imewazidi ndugu zake baiti kumi na tisa.
Jina nimelifuta, kama mengine.
Vitone havikusogea.