Majirani wa Chumvi

Gongoni, kwenye mabwawa ya chumvi,
Umazi aliokota punje moja
akaiweka juu ya ukucha wa mamake.
"Tazama pembe zake. Humu ndani
kila chembe ina majirani sita:
juu, chini, pande zote nne.
Ibane kwa uzito wa kule chini kabisa ya ardhi,
safu zitateleza, zitafinyana,
majirani watakuwa wanane."

Haluwa alisugua nyufa za kisigino, chumvi ikimuuma.
Chumba chao kilikuwa cha watu sita
hadi Sabaki ilipofurika,
wakaja wawili na godoro lililolowa.

"Na uzito ukiondoka?"
"Hurudi sita."

Akaishika reki.
Usiku ule alihesabu mikeka, yote minane,
asimwambie mtu
kwamba maji yameshuka.