Nusukaputi

Wakili amevaa tai ya rangi ya damu ya mzee.
"Shahidi, iambie mahakama: ganzi ni nini?"

Naitwa Elinami Makundi. Mwaka wa kumi na tisa huu
nalaza watu hapa Moshi.
Nimelaza wachuma kahawa wa Kibosho,
wapagazi walioshuka mlimani na vidole vyeusi,
shemasi mmoja aliyehesabu mpaka tatu, kisha akatukana.

Kuna ganzi ya sindano ya mgongo:
unayaona magoti yako pale kitandani
kama mizigo ambayo mwenyewe kaenda kukata tiketi.
Na kuna nusukaputi.
Wazee hawakuiita usingizi,
maana aliyelala ukimfinya ataamka.
Walisema nusu.
Nusu ya pili unaishika wewe,
kwa vidole vitatu, chini ya kidevu chake,
wala huiachii hata ukibanwa na chafya.

Karani anaandika. Kalamu inakwama, anaikung'uta.

"Hiyo ni tiba. Na kisheria?"

Sheria siijui, mheshimiwa. Mimi nasoma saa.

Karatasi yangu ina nukta kila baada ya dakika tano.
Saa nane na nusu: mgonjwa anakubali mtoto atolewe kwa kisu.
Kuna saini. Ndeshukurwa Lyatuu,
karani wa chama cha ushirika, mwandiko wa mlazo,
herufi ya mwisho ina mkia kama wa mjusi.
Saa tisa kasorobo: mapigo mia na kumi na mbili. Anauliza kama mvua imeanza.
Saa tisa kasoro tano: dawa mshipani.
Saa tisa: nagusa kope. Kope halijibu.

Sasa karatasi ya pili, ile ya kufunga mirija.
Saa tisa na dakika kumi.
Haina mkia wa mjusi.
Ina dole gumba, wino wa zambarau,
limekaa katikati ya kisanduku, halijatelezea popote.
Mtu aliye macho hagongi dole namna hiyo.
Na mtu anayejua kuandika, dole la nini?

Aliingia na tumbo, akaamka na mtoto mmoja wa kike,
na wale wengine, ambao hata majina hakuwa amewawazia,
wamepigwa fundo.

"Lakini alisema hapana?"
Hakusema.
"Basi hakukataa."

Nje ya dirisha wingu limeumeza mlima wote,
huwezi kuamini kama kuna kitu pale.

Mheshimiwa, ile hapana yake nilikuwa nayo mimi.
Nilimchukulia saa tisa kasoro tano,
nikaishika pamoja na pumzi, chini ya kidevu.
Vyote viwili vilikuwa amana.
Pumzi nilimrudishia.

"Nani aliushika mkono wake?"

Nalitaja jina. Ni jina linaloheshimiwa,
lina kiti chake kanisani.
Mtu wa benchi la nyuma anakohoa.

"Na wewe ulikuwa wapi?"
Kichwani pake. Nikiona.
"Ukafanya nini?"
Nikaandika nukta ya saa tisa na robo.

Miezi kumi na minne.
Waliniambia, aliyelala usimwamshe,
ukimwamsha utalala wewe.
Nikala, nikaenda zamu, nikafunga mafundo ya viatu vya wanangu,
wala sikuhisi kitu, wala hakuna aliyenichoma sindano.

Ndeshukurwa amekaa benchi la mbele, mtoto mgongoni.
Hanitazami kwa hasira. Ananitazama
kama anavyotazama mizani ya ushirika
akisubiri mshale utulie.

Wakili anasema hana swali zaidi.
Hakimu anasema naweza kushuka.

Naomba dakika moja, mheshimiwa.
Nimesimama hapa tangu asubuhi,
na ganzi haiondoki kwa utulivu, nawaambia kila mgonjwa,
inaondoka kwa kuuma.
Miguu imeanza kutambaa sisimizi.