Nyota Tatu na Herufi Moja

Jumatatu fundi alipanda juu ya bati, akashusha lile sinia la zamani
lililokuwa likizimia kila mvua ikigusa Isevya,
akanivutia waya mpya, mwembamba kama uzi wa kushonea gunia.
"Mama Mihayo, sasa utapaa," akasema.
Nikapaa. Nusu saa.

Hakuna aliyeniambia kuwa anwani yangu ya barua pepe
ilikuwa mpangaji kwa wale wale niliowaaga,
kwamba mkia wake una jina lao,
na mwenye nyumba akikasirika
anatoa kitanda nje.

Kuhama nakujua.
Tulipotoka Kanyenye kuja huku
nilimwambia muuza maziwa, nikamwambia mleta maji,
nikamwambia hata yule anayenidai vitenge, kwa moyo mzito.
Lakini huku nimwambie nani?
Nimejiandikisha wapi na wapi, miaka kumi na minne hii?

Nikachukua daftari la asali, ukurasa wa nyuma.
Benki. Kodi. Bima ya Mihayo.
Wanunuzi wa nta. Tiketi za treni.
Kila mlango nikibisha, jibu ni moja:
tumekutumia tarakimu sita kwenye k, nyota, nyota, nyota.
K ni mimi, Kalunde.
Nyota ni mimi pia, nimefunikwa nisijulikane,
na tarakimu zangu zinaangukia
sebule niliyokwisha kurudisha ufunguo wake.

Nikawapigia wale wa zamani.
Kijana akasema, "Mama, umeshafutwa kwenye mfumo,
ila nitakufungulia kisanduku mpaka Ijumaa."
Umeshafutwa.
Alisema kama anayesema chai imekwisha.

Siku nne, mguu huku, mguu kule.
Nafungua cha zamani, nachukua tarakimu,
nakimbia nazo kabla hazijapoa, naandika anwani mpya,
naweka tiki. Ugali ukaungua mara mbili.

Kisha ikabaki ile ya picha.
Hiyo haikutaka tarakimu. Iliuliza:
Ulizaliwa mji gani?

Nikaweka kalamu chini.
Mama alinizaa ndani ya treni ya Kigoma, daraja la tatu, usiku,
baina ya Kaliua na Usinge,
mkono wake umeshikwa na mwanamke wa Kiha mwenye madumu ya mawese.
Cheti kinasema Kaliua.
Mama, mpaka anakufa, alisema Usinge,
kwa kuwa ndiko nilikooshwa.

Nikaandika Kaliua. Si sahihi.
Nikaandika Usinge. Si sahihi.
Umebakiwa na jaribio moja.

Ndani yumo yeye, wote walivyo:
yumo amekalia mzinga uliopasuka, kule Sikonge,
anacheka kwa meno yasiyotimia,
nyuki mmoja kwenye ushungi, hana habari naye.
Simu iliyompiga niliipoteza sokoni. Nakala hakuna.

Nilikuwa nani, miaka kumi na minne iliyopita?
Mwenye kiburi. Mwenye utani hata na mashine.
Nikaandika: behewani.

Ikafunguka.

Sikulia. Nilibadilisha anwani kwanza,
nikaweka namba ya simu, nikanakili maneno ya akiba kwa wino,
nikayatia ndani ya kopo la majani ya chai.
Ndipo nikalia.

Usiache mbachao kwa msala upitao;
mimi niliuacha, nikaurudia mbio,
nikaukuta bado una joto la magoti yangu.

Ijumaa usiku kisanduku kikafungwa.
Jumamosi, nikipima nta, nikamkumbuka Bwana Katabi wa Mpanda,
anayeniandikia mara moja kila miaka miwili,
mstari mmoja, bila salamu:
ndoo kumi, ya miyombo, bei gani?
Hayumo daftarini. Namba yake sina.
Alikuwa ndani ya barua, na barua
ziko kule.

Mwaka huu ndio mwaka wake.
Ataandika, atangoja,
atasema Kalunde siku hizi ana maringo.