Parafujo Kwake, Pipa Kwangu

Baba alipojua anakufa, aligawa vitu vyake
mezani, mbele ya chai iliyopoa.
Saa ya ukutani: Kaupo. Cherehani: mimi.
Kinu cha kukamulia matufaha akakitazama kwa muda,
kisha akasema: parafujo ni ya Kaupo,
pipa ni la Urve.
Tukadhani homa imempanda kichwani.

Parafujo bila pipa ni nini?
Uzito wa kuzuia mlango.
Na pipa bila parafujo?
Kiota. Kweli, mwaka wa kwanza
kuku alitotoa humo.

Sasa ni Septemba, Võru imelowa ukungu,
na mti wa Antonovka nyuma ya kibanda cha sauna
unaangusha matunda yake usiku:
pu.
Kimya. Halafu pu, pu.
Nahesabu kitandani kama anayedaiwa.

Asubuhi Kaupo anakuja na toroli,
parafujo imeviringishwa blanketi kama mgonjwa.
Hatujasemezana tangu Pasaka.
Sababu ni ua. Sababu ni ua siku zote,
nusu mita ya udongo na mdomo wa mkewe.
Maneno tuliyo nayo ni ya kazi tu:
Shika. Legeza. Siyo huko.

Nakata palipooza, palipotobolewa na funza,
penye uzima napatupa beseni.
Yeye anasaga kwa mkono, krr, krr,
na nyama nyeupe inageuka kahawia
kabla hajamaliza kukohoa.
Nyigu wamefika bila kualikwa.
Tunatandika shuka la mama ndani ya pipa,
lile lenye herufi zake kwenye pindo,
tunajaza, tunakunja pembe nne.

Kisha mpini.
Mtu mmoja hawezi. Nilijaribu, mwaka ule aliolazwa Tartu,
pipa likazunguka nami kama ng'ombe mkaidi.
Lazima mmoja akumbatie
na mwingine asukume,
nusu mzunguko, pumzi, nusu mzunguko.
Nalikumbatia. Pete za chuma zinanibana kifua,
nyusi za kaka yangu ziko shibiri moja na uso wangu,
zimekuwa nyeupe.
Lini?

Mwanzo hakuna kitu.
Kisha mbao zinatoa jasho.
Kisha uzi mmoja, mwembamba, unaosita,
halafu juisi yenyewe, rangi ya chai ya rangi,
inapiga kitako cha ndoo
hata mbwa anainua kichwa.

Kikombe kiko kimoja, cha bati, ukingo umemeguka.
Anakunywa. Anafumba jicho moja.
"Kali kuliko mwaka jana."
"Mvua," nasema.
Anajaza tena, ananipa,
na kabla hajakiachia anakigeuza
pale palipomeguka pamwelekee yeye.

Machicha nimewamwagia kuku.
Chupa zimechemka, zimefungwa, zimepanga mstari dirishani:
thelathini na moja.
Kumi na tano zake, kumi na tano zangu,
na ile iliyozidi hakuna aliyeitaja.
Nimeiweka juu ya nguzo ya ua, katikati,
juu ya nusu mita ile ile,
nikaingia ndani, nikazima taa, nikachungulia,
nikaona aibu, nikalala.

Asubuhi chupa haipo.
Mahali pake, imelowa umande,
nyundo yangu aliyoazima mwaka juzi.