Mbichi au Mbivu?

Saa tano ya Jumamosi, Straubing, ghorofa ya tatu.
Theluji ya jana imekuwa tope kwenye ngazi,
na Korbinian anauliza, kama Jumamosi zote,
"Ottilie, bilauri umeisuuza?"

Nimeisuuza. Maji baridi, bila kufuta.
Miaka arobaini na mmoja ya ndoa
na mwanamume huyu bado hajaniamini na bilauri.

Ni ndefu, nyembamba kiunoni, pana mabegani
(kama wewe ulivyokuwa, husema, nami humwacha aseme).
Naiinamisha. Namimina taratibu,
bia ya ngano inateremka ukutani mwa kioo
kama mtu anayeshuka ngazi gizani.
Naacha vidole viwili chini ya chupa,
naizungusha, naizungusha tena,
hadi chachu iliyolala ishtuke,
kisha wingu lote nalimwagia juu.
Asali iliyotiwa maziwa.
Povu linapanda, linavimba kupita ukingo,
halimwagiki.

"Haya," anasema. "Inanukia nini?"

Maana pua yake ilikufa Februari ya mwaka juzi.
Homa ya siku tisa ilipoondoka, iliondoka nayo.
Yeye, miaka thelathini katika ghala la kimea,
aliyejua kwa kunusa tu gunia lipi limenyeshewa,
leo mkate ukiungua nyuma yake
anaendelea kusoma gazeti.
Daktari alisema subirini.
Tunasubiri.

Basi nainama, nanusa kwa niaba ya watu wawili.
"Ndizi."
"Mbichi au mbivu?"
"Mbivu. Imeanza madoadoa."
"Na karafuu?"
"Ipo."
"Nyingi?"
"Kama kabati la marehemu mama yako."
Anacheka hadi mabega yanatikisika.

Ndani ya bia hii hamjawahi kutiwa ndizi, wala karafuu.
Ngano, shayiri, hopsi, maji:
chachu ndiyo inayotunga uongo huo mtamu,
na mimi kazi yangu ni kuufikisha.
Ila leo uongo ni wangu mwenyewe.

Kwa Bi Zierer pale kona bia yake ilikuwa imekwisha.
Nikavuka daraja la Danubi, nikaingia duka kubwa,
nikachukua nyingine, ya bei ya kutupa,
nikaibandua karatasi kwa maji ya moto kama mwizi,
nikajiambia: asiyenusa atajuaje?
Ndizi sikuisikia. Karafuu, hata chembe.

Anaishika bilauri. Haipeleki mdomoni.
Anaipeleka sikioni.

Jikoni kimya. Friji linanguruma, linanyamaza.

"Povu hili lina haraka," anasema.
"Langu hunong'ona. Hili linakimbia kama lina deni."
Ananitazama juu ya miwani.
"Ottilie. Hii siyo."

Najifanya napangusa meza. Meza ni kavu.
Njia ya mwongo fupi, na yangu imeishia hapa,
kati ya kikapu cha mkate na chombo cha haradali.
Namweleza yote: Bi Zierer, daraja, maji ya moto.
Kwenye maji ya moto anafumba macho,
sijui kwa hasira au kwa kuzuia kicheko.

Kisha anakunywa. Funda refu.
Povu linabaki kwenye masharubu, halifuti.
"Baridi," anasema. "Inachoma ulimi kidogo.
Mengine sijui."
Ananisogezea bilauri, taratibu,
mviringo wa maji ukifuata nyuma yake mezani.

"Sasa niambie kweli."

Nainama. Nafumba macho, jambo ambalo sijafanya
tangu kazi hii iwe yangu.
"Unga mbichi," nasema. "Ganda la limau, mbali sana.
Na chuma. Kama ufunguo
uliokaa mkononi muda mrefu."

Anavuta kiti karibu.
"Ufunguo wa wapi?"

"Ngoja," nasema. "Ngoja ninuse tena."